Ushindi wa Taa ya Kushoto

Nchi ninayoisimulia haina jina, na msidhani nalificha. Wananchi walipigia kura jina jipya miaka tisa iliyopita na kura bado zinahesabiwa. Wakati tunasubiri, wenyewe wanaiita "hapa" na wageni wanaiita "huko". Kuna waliodai kwamba barua zingepotea kwa sababu hiyo, lakini ukweli ni kwamba barua hapa hupotea kwa sababu nyingine kabisa.

Hapa pana Tume ya Chaguzi Zote. Zamani iliitwa Tume ya Uchaguzi tu, na ilikuwa na kazi moja, kuwasaidia wananchi kumchagua Mtukufu. Kazi hiyo iliifanya mara moja, miaka thelathini na moja iliyopita, na matokeo yakapendeza mno hata hakuna aliyeona haja ya kuyarudia. Lakini Tume ilibaki na makamishna ishirini na wanne, magari, masanduku, wino wa vidole na bendi ya tarumbeta, na Mtukufu ni mtu wa huruma, hapendi kuona watu wazima wamekaa bure. Basi Bunge likatunga Sheria ya Kulinda Chaguo. Sheria hiyo inasema, kwa maneno mepesi, kwamba mwananchi akikutana na vitu viwili au zaidi, kisha akauliza kipi bora, huo tayari ni uchaguzi, na uchaguzi una taratibu zake.

Mwanzoni watu walihangaika. Bibi harusi mmoja alisitasita kati ya kitenge cha bluu na cha zambarau, akaolewa baada ya miaka miwili kwa kitenge cha tatu ambacho hakuwahi kukiona. Mzee mmoja aliuliza mgahawani kama wali wa leo ni mtamu kuliko ugali. Kampeni zikadumu siku kumi na moja, ugali ukashinda, ukaliwa kwenye matanga yake. Baadaye watu wakazoea. Migahawa ikapika maharage tu. Maduka yakaweka sabuni ya aina moja. Na pale ambapo vitu viwili viliendelea kukaa pamoja kwa ukaidi, watu walijifunza kunyoosha kidole bila kufikiri na kusema, "Nipe hiyo." Ukisema hivyo hujachagua chochote, umeonyesha tu. Watoto wa hapa hufundishwa maneno hayo kabla ya shikamoo.

*

Bwana Sudi Mang'enya alikuwa fundi saa katika mji mdogo wa Kitulizo, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yake. Fundi saa hawezi kusema "nipe hiyo". Miaka arobaini alikuwa amekaa na kioo cha kukuzia jichoni, akijua kwamba skrubu mbili zinazofanana kwa mtu mwingine, kwake si ndugu hata kidogo. Mkewe, Bi Zamda, ndiye aliyefanya manunuzi yote ya nyumbani. Alimkataza kwenda hata kwenye nyanya, maana alimjua: angezigeuza, angeziminya, angezinusa, halafu angeuliza.

Mwaka huo figo za Bi Zamda ziligoma. Mashine za kusafisha damu ziko nne nchini, zote katika hospitali ya Mji Mkuu. Tatu zimetengwa kwa ajili ya figo za Mtukufu, ambazo ni nzima kabisa, lakini heshima ni heshima. Ya nne ni ya wananchi. Bi Zamda alipewa nafasi yake: kila Jumanne na kila Ijumaa, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Akikosa saa hiyo mara tatu, jina lake linafutwa na nafasi anapewa anayefuata, na waliokuwa wakifuata walijaza daftari zima. Sheria hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na mashine, kwa wino mwekundu.

Kutoka Kitulizo hadi Mji Mkuu ni mwendo wa saa tatu, na mabasi hayaruhusiwi barabarani kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo Sudi alilifufua gari lake dogo jeupe la zamani, na kila Jumanne na Ijumaa saa nane na nusu za usiku alimfunika mkewe khanga mbili na shuka, wakaondoka. Miezi sita mizima hawakuchelewa hata dakika moja. Sista Apolonia, muuguzi wa mashine, alikuwa akisawazisha saa ya ukutani kwa kuwatazama wakiingia mlangoni.

Kisha Jumanne moja, kwenye mteremko wa Mkuzo penye ukungu, taa ya mbele ya kushoto ikafanya kama inakonyeza, ikazimika.

Kwenye kizuizi cha polisi barabarani, afande aliwazunguka na tochi yake kwa adabu zote. Akawaeleza kwamba gari lenye taa moja linaudanganya umma kuwa ni pikipiki, na kuudanganya umma hapa ni kazi ya watu wenye kibali. Gari chongo haliendi popote mpaka jua lichomoze. Sudi alimweleza habari ya mashine. Afande alisikitika kweli, akawaletea hata chai, na wakakaa hapo wakilitazama giza mpaka lilipoamua kuondoka lenyewe. Walifika hospitali saa mbili na nusu. Sista Apolonia alimbania Bi Zamda saa moja kati ya mgonjwa na mgonjwa, kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika alama moja kwenye kadi bila kuinua uso.

*

Njia nzima ya kurudi, Bi Zamda alimfanyisha mumewe mazoezi.

"Lukosi wa vipuri akikuwekea maboksi mbele yako, unasemaje?"

"Nipe hiyo."

"Unaangalia boksi?"

"Siangalii."

"Unaangalia wapi?"

"Dari."

Alirudia mara nyingi mpaka jibu likawa linatoka bila shida. Bi Zamda angeingia dukani mwenyewe, lakini miguu yake ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Akabaki garini na kioo kimeteremshwa.

Lukosi alikuwa muuza vipuri, mtu mwema mwenye kikohozi. Kwenye kona ya duka lake, kama ilivyo katika kila duka hapa, alikaa wakala wa Tume kwenye stuli ya plastiki, na daftari lake mapajani limefungwa. Sudi alisema anataka balbu ya taa ya mbele. Lukosi akaweka maboksi mawili kwenye kaunta, kwa kuwa alikuwa nayo mawili na sheria inakataza kuficha. Kisha akalisukuma moja mbele kidogo sana kwa kidole cha mwisho, huku akikohoa, na huo ndio ulikuwa ushujaa wote ambao mtu wa hapa anaweza kuuonyesha kabla ya saa nane mchana.

Sudi alikuwa na kazi ya kunyoosha kidole tu. Alianza vizuri, akatazama dari. Lakini dari lilikuwa na picha ya Mtukufu, na hakuna anayemtazama Mtukufu kwa muda mrefu, kwa hiyo macho yakashuka. Akaona kwamba balbu moja ni ya mwanga mweupe na nyingine ya mwanga wa njano. Akakumbuka ukungu wa Mkuzo. Akamkumbuka aliyelala kwenye kiti cha nyuma katika ukungu huo. Mikono yake, iliyozoea kupima kitu kabla ya kukiamini, ikakataa kuonyesha.

"Lukosi, ndugu yangu," akajisikia akisema, "kwa barabara yenye ukungu, ipi nzuri?"

Lukosi alifumba macho. Kwenye kona, wakala alifungua daftari lake taratibu, akalamba ncha ya kalamu.

"Rudia swali, mzee," alisema, "nisikose neno."

Sudi akasema haraka, "Nipe hiyo." Akasema tena. Akanyoosha kidole, hata vidole vyote kumi. Wakala alimtazama kwa huruma ya mtu aliyeona mengi, akamweleza kwamba swali likishaulizwa si mali ya muulizaji tena, ni mali ya umma. Maboksi yote mawili yakatiwa lakiri. Kisha wakala akatoka nje hadi kwenye gari, akaomba apewe pia ile balbu iliyoungua. Sudi akauliza ya nini, maana hiyo imeshakufa.

"Nayo ina haki zake," wakala akajibu, akaifunga kwenye leso safi.

*

Hakukuwa na haja ya kumsimulia Bi Zamda, alikuwa amesikia kila kitu kupitia kioo cha gari. Sudi aliendesha mpaka nyumbani. Alipomkalisha mkewe kitandani, akapiga magoti kuivua ile miguu iliyovimba soksi, na hapo akashindwa kujizuia.

"Mama Siwema," akasema, "nimekuua kwa mdomo wangu."

"Baba Siwema, acha hayo. Wewe hata sindano huwezi kununua bila kuuliza." Akapumzika, maana siku hizo sentensi mbili zilikuwa kazi. "Mwaka ule ulipokuja kwetu kuposa, baba alikuwa na mabinti watatu. Uliuliza siku nzima. Ulimuuliza hata jirani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nakusikiliza, nikasema huyu mtu akiniacha nitalia. Unadhani ningependa aje mwingine, anyooshe kidole tu?"

Hiyo ilikuwa kabla ya Sheria. Sudi alicheka na machozi yakimtoka, akaendelea kuvua soksi.

Alhamisi wakajaribu njia nyingine. Waliondoka mchana, jua kali, taa hazihitajiki, wakafika Mji Mkuu jioni na kuegesha kando ya ukuta wa hospitali ili walale garini mpaka saa ya mashine. Lakini Mji Mkuu hufungwa kwa watu wa mikoani jua likizama, kwa sababu ya kulinda sura yake. Askari wa mji waliwaamsha, wakawasindikiza hadi mpakani kwa heshima, wakawaambia lango hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, lakini aliyetolewa usiku haingii kabla ya saa mbili. Sista Apolonia aliweza kumpa Bi Zamda nusu saa tu. Kalamu nyekundu ikaandika alama ya pili. Safari hii Sista aliinua uso, akawaambia kwamba hapa pana mtu anakuja kuangalia kadi kila wiki, na yeye hana namna.

Ikabaki Jumanne.

*

Msimamizi wa Uchaguzi wa Kitulizo aliitwa Daktari Fulgensi Mbanduka. Udaktari wake ulipatikana kwa kura. Sudi alikwenda ofisini kwake Ijumaa hiyohiyo, akamwomba uchaguzi ufanyike kabla ya Jumanne, na Msimamizi akamshika bega kama mtu wa familia. Akasema kwamba Tume haijawahi kuchelewesha matokeo katika historia yake, na mara nyingi huwa nayo mapema. Jumamosi uteuzi, Jumapili kampeni, Jumatatu kura. Sudi alitoka akiwa na matumaini, jambo ambalo kwa umri wake halikumfaa.

Jumamosi, wagombea waliwekwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe katikati ya uwanja wa soko. Walikuwa watatu. Balbu nyeupe, balbu ya njano, na katikati yao, juu ya mto mdogo wa hariri, ile balbu iliyoungua, kioo chake kimekuwa cheusi kama chungu cha mama ntilie. Sudi alidhani imewekwa hapo kama ushahidi. Msimamizi akamfafanulia kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha tano, aliye madarakani ana haki ya kutetea nafasi yake.

"Lakini hiyo imeungua," Sudi alisema.

"Hayo utayasema kwenye kampeni," Msimamizi akamjibu, "kama utapewa nafasi."

Hakupewa. Jumapili ilianza kwa tarumbeta, kisha wagombea wakapitishwa mikononi mwa wananchi ili wawafahamu. Lukosi alijipenyeza hadi kwa Sudi, akamnong'oneza kwamba balbu za aina hii hazishikwi kwenye kioo, jasho la vidole huzipasua zikipata moto. Sudi akakimbia kwa Msimamizi, akamsihi watu wazishike kwa chini, kwenye bati. Msimamizi alilitangaza ombi hilo kwenye kipaza sauti, na akaongeza kwamba mgombea asiyetaka kuguswa na wananchi ana kiburi. Watu wakazishika kwa mikono miwili. Waliotoka kula maandazi wakazishika pia. Ile nyeupe na ile ya njano zikarudi mezani ziking'aa kwa mafuta.

Sudi aliomba jambo moja la mwisho. Alikuwa amebeba betri ya gari kwenye toroli. Ziunganishwe waya, kila mtu aone inayowaka na isiyowaka. Makamishna waliokuja kutoka Mji Mkuu walikaa faragha kwa saa mbili kulijadili. Wakatoka na uamuzi kwamba kumwasha mgombea kabla ya matokeo ni kumpendelea.

Jioni Msimamizi akapanda jukwaani. Nitayaweka maneno yake hapa kama yalivyosemwa, maana watu wa Kitulizo wameyakariri hadi leo, na shule ya msingi inayatumia kwa imla.

"Ndugu wananchi," alisema, "taa ni uzoefu. Taa hii imelitumikia gari la Bwana Sudi kwa miaka minne, mvua na jua, bila likizo. Hawa wengine mnaowaona ni wazuri wa sura, lakini nawauliza, wamewahi kuwaka wapi? Nani amewahi kuwaona wakimulika hata panya? Wametoka kwenye boksi jana. Wapo wachochezi wanaosema kwamba taa yetu imezimika. Haijazimika. Inatafakari."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa bendi ilianza na bendi ikianza watu hupiga makofi. Sudi alitazama nyuso zao. Aliwajua wote, wengi amewatengenezea saa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya. Walikuwa wanataka tu kwenda nyumbani. Hilo lilimuumiza kuliko hotuba.

*

Wapigakura halali walikuwa wawili: mwenye gari na mke wa mwenye gari. Jumatatu asubuhi majirani walimbeba Bi Zamda kwenye kiti hadi kituoni. Uso wake ulikuwa umevimba na pumzi zinakuja fupifupi, lakini alikuwa amejitanda vizuri na kupaka wanja. Akachovya kidole kwenye wino, akaingia nyuma ya pazia, akaipigia ile nyeupe, ambayo Lukosi alikuwa ameisukuma mbele. Sudi akafuata, akaipigia nyeupe. Waangalizi kumi na wawili walitia saini kwamba zoezi limekwenda kwa amani. Kituo kikafungwa saa nne, na saa nne na dakika tano Msimamizi akasoma matokeo kutoka kwenye karatasi iliyokuwa imeanza kuwa ya njano pembeni.

Balbu ya njano, kura mia nne na tatu. Balbu nyeupe, kura mbili. Balbu iliyo madarakani, kura elfu arobaini na moja, mia sita na kumi.

Kitulizo kina watu elfu tisa, ukihesabu na waliolala makaburini upande wa mashariki.

Sudi alisimama mbele ya meza. "Mheshimiwa, mimi na mke wangu tuliipigia nyeupe."

"Ndiyo," Msimamizi akasema, akamwonyesha karatasi kwa kidole. "Hizo hapa. Mbili. Hatukupoteza hata moja. Kuna nchi nyingine, Bwana Sudi, kura yako isingehesabiwa."

Na alisema kwa dhati. Hilo ndilo ambalo Sudi hakuweza kumweleza mtu baadaye: kwamba yule mtu alikuwa anajivunia, na macho yake yalikuwa yamelengwa na machozi.

Mchana huohuo balbu iliyoungua ilirudishwa kwenye nafasi yake kwa gwaride. Fundi wa Serikali aliifunga, kifuniko kikatiwa lakiri ya shaba, na Sudi akakabidhiwa cheti chenye picha ya Mtukufu, kisemacho kwamba taa ya mbele ya kushoto ya gari hili inawaka, kwa muda wa miaka mitano kuanzia leo. Atakayesema vinginevyo atakuwa amepinga matokeo. Wagombea walioshindwa walichukuliwa kwenda kupangiwa kazi nyingine.

Lukosi alipita jioni, akakaa kibarazani, akakohoa. Alikuwa na balbu moja kuukuu aliyoichomoa kwenye gari bovu, ameificha kwenye soksi. Alitaka kuitoa. Wote watatu wakaitazama ile lakiri ya shaba kwenye gari, yenye maneno kwamba atakayeivunja atanyang'anywa chombo. Bila gari hakuna mashine kabisa. Lukosi akairudisha soksi yake mfukoni, akaomba radhi kana kwamba ni yeye aliyeunda balbu, akaondoka.

*

Jumanne waliondoka mapema zaidi kuliko siku zote. Kizuizini, afande yuleyule alisogea na tochi, akaona upande wa kushoto giza, akafungua mdomo. Sudi akampa cheti. Afande alikisoma mara mbili, akazima tochi, akasimama wima na kuipigia saluti taa. Ikawa hakuna tena kizuizi chochote mbele yao isipokuwa kutoona.

Kwenye ukungu wa Mkuzo ile taa moja ya kulia ilimulika katikati ya barabara tu. Ukingo ulikuwa kushoto. Sudi alienda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kichwa kimetoka dirishani, saa ya mkononi ikimlilia kwenye mkono. Bi Zamda alishika tochi ndogo, akaitoa nje upande wake, akawa anamwambia, "Kulia kidogo. Kulia. Hapo sawa." Walienda hivyo kwa saa moja. Kisha mkono wake ukachoka, tochi ikashuka, na gurudumu la kushoto likaingia mtaroni.

Watu wa shamba la jirani waliwatoa. Haikuchukua muda mrefu, dakika ishirini na tano. Sudi alijua ni ishirini na tano.

Waliingia mlangoni saa kumi na mbili na dakika kumi na nane. Kwenye kitanda cha mashine alikuwa ameshalazwa kijana mmoja wa kike aliyekuwa amelingoja jina lake kwa miezi kumi na nne, na mama yake amesimama kando akilia kwa furaha. Sudi alimtazama yule mama, na hakuweza hata kumchukia.

Sista Apolonia aliwaita pembeni. Alikuwa ameishika ile kadi, alama tatu, na safari hii alilia waziwazi. Kwenye benchi la korido alikaa wakala wa Tume, daftari limefungwa mapajani, kwa kuwa hospitali nayo ni mahali pa umma. Sista alishusha sauti. Akasema kuna kubaki hapa koridoni, juu ya mkeka, kusubiri mtu afe ndipo nafasi ipatikane. Wanaosubiri ni wengi na mkeka ni baridi, lakini wengine wamewahi. Na kuna kwenda nyumbani na dawa za maumivu. Daktari anakadiria wiki mbili. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Sudi alihisi lile swali likipanda. Lilikuwa swali halali kuliko yote aliyowahi kuuliza maishani mwake, fupi, na alitaka mtu yeyote mwenye akili amjibu. Alifungua mdomo. Kwenye benchi, wakala alifungua daftari.

Mkono wa Bi Zamda ukatua juu ya midomo yake, mzito, umevimba, bado una wino kwenye kidole. Akaunyoosha ule mwingine kuelekea mlango wa kutokea, bila kuangalia mlango, akimwangalia yeye.

"Hiyo," alisema.

Wakala alifunga daftari.

Walirudi mchana, jua limewaka barabara nzima na ukungu umekwisha, na malori yote yaliyokuja mbele yao yalikuwa yamezima taa, maana hakuna aliyezihitaji. Bi Zamda alikaa kiti cha mbele. Alitaka kuona shamba la alizeti la pale Mkuzo, akaliona. Kizuizini afande alisimama wima, akapiga saluti, akainama dirishani. Alitakiwa kujaza fomu ya ufuatiliaji.

"Taa ya kushoto inaendeleaje?" aliuliza.

Sudi alimtazama mkewe. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, pumzi zikija na kukawia.

"Inawaka," akasema.

Afande akaandika.